Nyumba Iliyovuka Bahari

Yamkini ndugu zetu walimu wa Kiswahili watashangaa kukuta katika kurasa hizi habari za nyumba ya Kichina iliyosimama Marekani. Watuvumilie kidogo. Nyumba hiyo tumeiona kwa macho yetu, tukaingia ndani yake na kukaa humo zaidi ya saa nzima, na tangu turudi kwetu Uganda haijatutoka akilini, hasa kila tuingiapo darasani kufundisha msamiati wa nyumba na sehemu zake. Isitoshe, mji ilimo nyumba hiyo si mgeni kwa Kiswahili hata kidogo, kama tutakavyoeleza.

Nyumba yenyewe huitwa Yin Yu Tang. Ilijengwa yapata mwaka 1800 katika kijiji cha ukoo wa Huang, katika nchi ya milima iitwayo Huizhou, ambayo leo imo katika sehemu ya kusini ya jimbo la Anhui nchini China. Jina lake lina maneno matatu. La kwanza ni kivuli cha mti, kile kimsitiricho aliye chini yake. La pili ni wingi au ziada. La tatu ni ukumbi. Tulipokuwa tumesimama uani mwake tulijaribu kulifasiri jina hilo kwa Kiswahili, na neno lililotujia mbele ya mengine yote lilikuwa ni sitara. Sitara kwetu si paa na ukuta tu. Ni heshima ya mtu pia, ni siri zake, ni yale ambayo jirani hapaswi kuyaona. Hatudai kwamba mzee wa ukoo wa Huang angeikubali tafsiri yetu, lakini mwenye kuiona nyumba hiyo kwa nje hatatulaumu sana.

Kwa nje ni kuta ndefu zilizopakwa rangi nyeupe, zenye madirisha machache tena madogo. Ndani kuna ghorofa mbili na vyumba 16 vya kulala, navyo vimeuzunguka ua mwembamba ulio wazi juu, wenye madimbwi mawili ya mawe ya kufugia samaki. Mwanga na hewa huingia kwa uwazi huo wa katikati. Mapaa yote yameinamia ndani, ili maji ya mvua yateremkie uani. Watu wa Huizhou waliyahesabu maji hayo kuwa ni mali, na mali haimwagwi nje. Aliyewahi kuingia katika nyumba za mawe za Lamu au Unguja hataona ugeni mkubwa: huko nako mpita njia huonyeshwa ukuta, na uso wa nyumba hugeuzwa ndani. Lakini mifupa ya nyumba hizo mbili ni tofauti. Nyumba ya mawe ya pwani hubebwa na kuta zake. Ile ya Huizhou hubebwa na miti. Nguzo na boriti zake zimeungwa kwa ulimi na tundu, zikakazwa kwa vigingi vya mti, na kuta za matofali ni kama shuka tu lililozungushiwa mwilini. Ndiyo sababu ya kwanza iliyoiwezesha nyumba hiyo kusafiri: ilijengwa kwa namna ya kuweza kufunguliwa.

Sababu ya pili ni wenyewe. Ardhi ya Huizhou ni finyu, milima imeibana, na kwa karne nyingi wanaume wake waliishi kwa biashara katika miji ya mbali. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi alipelekwa mjini kujifunza kazi ya duka. Alirudi kuoa, akaondoka tena, na baada ya hapo alionekana nyumbani kwa nadra. Ukoo wa Huang nao ulikuwa na maduka ya rehani mbali na kijiji. Kwa hiyo nyumba hii, iliyojengwa kwa fedha za wasafiri, ilikaliwa zaidi na wake zao, wazee na watoto. Walioingoja barua ndio walioifagia. Vizazi kadhaa vilizaliwa na kufa humo, mpaka karne ya ishirini ilipowatawanya wengi wao mijini moja kwa moja, na mnamo mwanzo wa miaka ya 1980 mkazi wa mwisho akafunga mlango akaondoka.

Nyumba isiyo na moto jikoni haidumu. Hili halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki. Moshi hukausha fito na kufukuza wadudu. Mguu wa mtu huziba tundu la panya. Jicho la mwenye nyumba huona kigae kilichovunjika kabla ya mvua. Mwaka 1996 wazao wa ukoo wa Huang walikutana kijijini kushauriana juu ya nyumba hiyo tupu, na ikatokea kwamba msomi mmoja wa Kimarekani aitwaye Nancy Berliner, mtaalamu wa sanaa za China, alikuwa huko huko wakati huo. Mashauri yakaishia katika mapatano. Serikali ya mahali pale ikaridhia, na mwaka 1997 mafundi wakaanza kuivua nyumba vigae.

Kazi ya kuifungua ilichukua miezi. Kila kipande kilipimwa, kikachorwa na kupewa namba yake. Vipande vya mbao peke yake vilizidi 2,700, mbali na mawe, matofali na vigae. Pamoja navyo vikaja vyombo, samani, barua na takataka za kila siku ambazo familia yoyote huziacha nyuma ya mlango. Mzigo wote ulijaza makontena 19, ukavuka bahari na kufika Massachusetts. Huko mafundi wa Kimarekani walisimama mbele ya miti ile, na ilikuwa dhahiri kwamba michoro peke yake haitoshi. Maseremala na waashi wakaletwa kutoka China, watu ambao mikono yao ilijua kiungo kipi hutangulia na kipi hufuata, na wapi kigogo hugongwa na wapi hubembelezwa. Mwezi Juni 2003 milango ilifunguliwa kwa watu. Nyumba ilikuwa imekwisha hama.

Basi Salem ni mji gani hata upokee mzigo kama huu? Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Mwaka 1799 manahodha na mawakala wa biashara wa Salem, wale waliokwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, waliunda chama chao, na miongoni mwa shabaha za chama ilikuwa ni kukusanya vitu vya ajabu kutoka nchi walizozifikia. Hazina yao ndiyo chimbuko la makumbusho yaitwayo leo Peabody Essex Museum, ambamo nyumba ya ukoo wa Huang imesimikwa. Katika miaka ya 1820 merikebu za Salem zikaanza kutia nanga Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, aliwasili Unguja akiwa konseli wa kwanza wa Marekani. Watu hao walinunua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Waliuza nini? Waliuza nguo imara ya pamba, isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na watu wa pwani wakaiita merikani.

Nani kati yetu hajalisikia neno hilo? Merikani ilibebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ikavuka mpaka Manyema, ikapanda kaskazini mpaka Buganda. Ilikuwa vazi, ilikuwa sanda, ilikuwa fedha. Kwa merikani msafara ulilipa hongo kwa machifu wa njiani, na wakati huo hongo lilikuwa jina la ushuru wa kupitia nchi ya mtu, lisilomfedhehesha mpokeaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Marekani mwaka 1861 viliivunja biashara ya Salem, na hatimaye nguo ya namna ile ikawa inafumwa Bombay pia. Jina halikubadilika. Kitu kilikuwa kimehama kiwanda na bara, na neno likabaki pale pale lilipozaliwa, midomoni mwa watu wa pwani. Barua za wafanyabiashara hao wa Salem zimehifadhiwa na makumbusho hayo hayo, na mtafiti wa historia yetu hulazimika kuzifuata huko.

Hivyo tulipokuwa tukipanda ngazi za Yin Yu Tang hatukujiona wageni kabisa. Tulijiona kama watu waliokuja kumtembelea mteja wa zamani wa mababu zao. Na wazo moja la ukaidi lilitujia, tunaliandika kama lilivyokuja: mji uliozoea kubeba vitu vya watu kwa miaka mia mbili, mwisho wake hubeba nyumba nzima.

Walakini haki itendeke. Watu wa Salem hawahamishi nyumba za wengine tu. Huhamisha na za kwao. Katika eneo la makumbusho hayo ipo nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1684, iitwayo John Ward House, ambayo mwaka 1910 iliondolewa mahali pake pa asili ikaletwa pale ilipo sasa. Ipo na nyingine ya karne ya kumi na nane, Crowninshield-Bentley, iliyohamishwa mwaka 1959. Kwa hiyo msafiri anaweza kuzitembelea nyumba tatu zilizohama, zote kwa mwendo wa dakika chache tu, na kuzilinganisha. Sisi tulifanya hivyo, na tofauti iliyoko baina yao ilitufundisha zaidi kuliko maelezo yaliyobandikwa ukutani.

Aliyeihamisha ile ya 1684, George Francis Dow, alitaka kuirejesha katika karne yake ya kwanza. Akaondoa yaliyoongezwa na wakazi wa baadaye, akarudisha yale aliyoamini kwamba ndiyo yaliyokuwapo, madirisha na vipembe vya paa. Ilikuwa kazi ya heshima kwa wakati wake, nayo iliwafungulia wengine njia. Lakini mtu akisimama ndani yake leo huisikia sauti ya karne moja tu, tena kwa kinywa cha mtu wa karne nyingine. Walioihamisha Yin Yu Tang walifuata njia iliyo kinyume. Hawakuipaka nyumba sura ya mwaka 1800. Waliiacha jinsi mkazi wa mwisho alivyoiacha, pamoja na nyongeza na makovu ya njiani. Ndani mna madirisha ya mbao yaliyotobolewa kwa nakshi ya ustadi mkubwa; na hapo hapo mna picha na maandishi ya wakati wa Mao Zedong, pamoja na kipaza sauti kilichofungwa ukutani, ambacho kwacho matangazo ya serikali yalisomwa mpaka ndani ya nyumba za watu wapende wasipende.

Kipaza sauti hicho tulikitazama kwa muda mrefu kuliko nakshi. Mhifadhi mwenye haraka angalikitupa, maana hakipendezi, tena kinaharibu picha ya China ya kale ambayo watalii wamekuja kuitafuta. Lakini bila ya hicho hatungejua kwamba nyumba ile iliyojengwa iwe sitara ilifika siku ikakosa sitara. Kuta nene hazikuzuia sauti. Hifadhi inayofuta miaka michungu haistahili kuitwa hifadhi, ni kujipodoa. Tulitamani sana waandishi wa vitabu vyetu vya shule wangekuwapo pale.

Pamoja na sifa hizo zote, kuna yaliyopotea, na hatuoni sababu ya kuyafunika. Nyumba za Huizhou zilijengwa kwa kufuata mlima uko wapi, maji yanapita wapi, na makaburi ya wazee yako upande gani. Salem haina mlima ule. Wanaopita nje ni watalii wenye tiketi, si majirani wa ukoo mmoja. Theluji ya Massachusetts huanguka katika ua uliojengwa kupokea mvua ya kusini mwa China. Na jambo linalotuuma zaidi: mwaka 2000, wakati vipande vya Yin Yu Tang vikiwa vimekwisha fika Marekani, vijiji viwili vya nchi ile ile ya Huizhou, Xidi na Hongcun, viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Huko nyumba za namna hii zimesimama mahali pake, zimo katika vichochoro vyake, na zina watu ndani. Kwa hiyo haikuwa lazima kwamba kila nyumba ya Huizhou ife au ihame. Ilikuwa bahati ya nyumba hii, mbaya au nzuri, kwamba ilikutana na mnunuzi kabla ya kukutana na mlinzi. Sisi tukiulizwa, twasema kuhamisha ni bora kuliko kuacha kuoza. Lakini ni dawa ya mwisho, kama kukatwa mguu. Asifiwe daktari aliyeokoa maisha, ila pasiwe na mtu wa kuimba kwamba mguu haukuwa na kazi.

Kwetu Uganda tunao mfano ulio kinyume chake, nao ni Kasubi. Nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu Azaala Mpanga ilijengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 iwe jumba lake la kifalme. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo, na nyumba ya kuishi ikawa nyumba ya makaburi. Wafalme watatu waliomfuata nao wamelala humo. Sasa tazama ajabu yake. Mwanga alifia uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903. Mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910 yakazikwa Kasubi. Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969. Akarudishwa mwaka 1971, akazikwa Kasubi. Nyumba haikuhama hata hatua moja. Waliohamishwa ni wenye nyumba, nao walivuka bahari kuifuata.

Na nyumba hiyo ya Kasubi haina kipande hata kimoja chenye namba. Nyasi zake huoza na kubadilishwa, na kazi hiyo si ya kila mtu: kuezeka ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, nao wamerithishana kazi hiyo tangu enzi za mababu. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza. Tuliokuwapo Kampala asubuhi yake tunakumbuka kilio kilichokuwa mlimani, watu wazima wakilia kama watoto. Ikajengwa upya kwa miaka mingi, kwa kusuasua na kwa mabishano, na mwaka 2023 iliondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Je, hii ya leo ndiyo ile ya 1882? Fundi wa Salem, mwenye kulinda kila kijiti, angesema sivyo. Mzee wa Ngeye hata swali lenyewe hangelielewa. Mahali ni pale pale, wenyewe ni wale wale, na mkono ulioezeka umefundishwa na mkono uliotangulia.

Hata hivyo, tusidhani kwamba njia hizi mbili zimepeana mgongo. Kumbuka wale maseremala walioitwa kutoka China. Siku ile miti 2,700 ilipokuwa imelala chini Salem, kila mmoja na namba yake, hapakuwa na nyumba. Nyumba ilikuwa bado kichwani mwa mafundi.

Hapa tunafikia lile lililotufanya tuandike. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani tunafanya kazi ya ajabu ambayo mara chache tunaisimulia: tunahamisha maneno bila ya vitu vyake. Tunamfundisha mwanafunzi wa Gulu au Mbarara neno daka, naye hajaona nyumba yenye daka. Tunamfundisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa kwa uzuri katika nyumba za mawe, naye huandika katika daftari kuwa ni tundu la ukuta. Neno boriti analijua vizuri zaidi, ila hajui kwamba ni mti wa mkoko wa pwani, na kwamba urefu wa mti huo ndio uliopima upana wa vyumba vya Waswahili, vikawa vyembamba na virefu. Watu wa Salem walibeba nyumba. Majina ya sehemu zake, yale aliyoyatamka seremala wa Huizhou kwa lahaja ya bonde lake, mgeni hawezi kuyasikia kwa kuingia tu. Sisi tumebeba majina, na nyumba tumeiacha nyuma.

Tulifikiri hivyo kwa muda, kwa huzuni kidogo, mpaka tulipokumbuka kwamba si kweli kabisa. Nyumba ya Waswahili ilikwisha hama zamani, kabla ya walimu. Haikuja katika makontena. Ilikuja vichwani mwa mafundi na wafanyabiashara waliofuata njia ile ile ya merikani. Ni ile nyumba ya udongo na miti yenye baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Utaikuta Tabora na Ujiji; utaikuta Buyenzi mjini Bujumbura; na katika mji wetu mdogo huku Uganda bado zimesalia chache, zikibanwa na maduka ya matofali ya saruji. Hakuna aliyezihesabu kuwa historia. Zina bati kutu, na wapangaji.

Moja ya nyumba hizo ni ya bibi mmoja mjane, aliyezaliwa humo. Barabara inayopita mbele yake imekwisha pimwa ili ipanuliwe, na baraza yake imewekewa alama ya rangi nyekundu. Mwaka jana tulimwomba ruhusa tuje na wanafunzi wa kidato cha tatu tuipime nyumba yake, tuichore, na tuandike jina la kila sehemu. Alitukaribisha kwa kahawa. Wakati wanafunzi wakivuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tulimsimulia habari za Yin Yu Tang: namna ilivyofunguliwa, ikabebwa, ikasimamishwa tena ng'ambo. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Na wenyewe, mwalimu? Wenyewe nao walibebwa?”

Tukamjibu kwamba wenyewe walikuwa wamekwisha tawanyika, na ndio walioridhia iuzwe.

“Basi imekwenda kutazamwa,” akasema. “Si haba. Hii yangu ikivunjwa itakwenda kujaziwa mashimo ya barabara.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari, halafu akainuka akawaonyesha watoto jinsi komeo la mlango wa uani linavyofanya kazi.

Kazi ya siku ile ilikuwa na furaha ambayo hatukuitazamia. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia katika msamiati wa kitabuni waligombania kushika kalamu. Bibi alitaja, wao wakaandika: kizingiti, mwimo, komeo, kiambaza, fito, kombamoyo. Alipowaonyesha mti uliolazwa kukingama juu ya ukuta na kuwaambia kwamba unaitwa mtambaapanya, walicheka mpaka wakakaa chini, na mmoja akadai tunamtania. Wakati huo huo panya mwenyewe akapita juu yake. Neno hilo hawatalisahau maisha yao, nasi tumelifundisha miaka kumi na tisa bila ya mwanafunzi hata mmoja kutabasamu.

Yako pia mambo ambayo kamusi haikutusaidia. Sehemu kadhaa bibi alizitaja kwa Luganda, bila ya kujua kwamba amebadili lugha, maana ndivyo baba yake fundi alivyozitaja. Tuliwaambia wanafunzi waziandike vivyo hivyo, wasizitafutie Kiswahili cha kununua. Nyumba hiyo nayo ilipata majina mapya njiani, na kuyafuta ingekuwa kuking'oa kile kipaza sauti cha Salem ili ukuta upendeze.

Tunawaomba wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo, na wengine walio karibu na mitaa ya namna hii, wafanye vivyo hivyo kabla ya rangi nyekundu kufika. Hahitajiki mtaalamu. Inatakiwa kamba ya kupimia, daftari lenye kurasa kubwa, na mwenye nyumba anayependa kuzungumza. Afadhali kazi ifanywe asubuhi, kabla ya bati kushika joto. Mchoro wa kwanza uwe wa nyumba nzima kwa juu, kisha mlango mmoja mmoja. Na kila neno liandikwe pamoja na jina la aliyelitaja na alikojifunza, kwa kuwa maneno mawili ya kitu kimoja huenda yamefika kwa njia mbili.

Sisi bado hatujamaliza. Bibi hakujua namna kiambaza cha zamani kilivyosukwa kabla ya kukandikwa, wala majina ya tabaka za udongo. Yuko fundi mzee, rika la marehemu mumewe, anayeishi ng'ambo ya mto. Ameahidi kuja Jumamosi ijayo ikiwa miguu itamruhusu, na wanafunzi wamemwachia kurasa nne.